Ndoto Zetu Hazihitaji Bwana Shauri

Kuna ugonjwa umeingia katika vikundi vyetu vya uandishi, kuanzia Maili Moja pale Kibaha mpaka Kisarawe mjini, na ugonjwa wenyewe ni kuona ugonjwa kila mahali. Kijana akimaliza kusoma shairi lake mbele ya wenzake, siku hizi hakuna anayemwuliza kwa nini ubeti wa tatu umepwaya, au kina cha kati kimevunjika wapi, au lile neno tamu la mwisho amelitoa kwa bibi yake au kwa kondakta wa daladala. Anaulizwa: "Utotoni ulifanywa nini?" Akijibu kuwa hakufanywa kitu, anaambiwa anaficha. Akikasirika, eti hasira yenyewe ndiyo ushahidi. Akinyamaza, kimya ni ushahidi mkubwa zaidi. Bwana, hata mahakama ya mwanzo ina huruma kuliko hiyo.

Wanaouliza hivyo ni watu waliosoma, sikatai. Wamekutana na vipande vya Sigmund Freud chuoni, vipande vingine wamevipata kwenye simu, wakavimeza bila kutafuna. Sasa wanatapika mbele yetu na kutuambia hiyo ndiyo nadharia. Kwao sanaa ni jipu. Likiiva linapasuka, na kinachotoka ndicho shairi. Kadiri usaha unavyokuwa mwingi, ndivyo mshairi anavyokuwa mkubwa.

Nasema mapema ili tusipotezeane muda: kwa namna inavyotumiwa kwetu, nadharia hiyo inaua waandishi. Na kabla ya kuua waandishi inaua usomaji, maana aliyekwisha kuamua shairi linaficha nini hana haja ya kulisoma.

Lakini mtu hapigwi vita kwa maneno asiyoyasema. Tumsikilize kwanza mzee mwenyewe. Mwaka 1908 Freud alichapisha makala fupi juu ya mwandishi na ndoto za mchana. Hoja yake ni nyepesi kueleza. Mtoto anapocheza anajitengenezea dunia yake na kuichukulia kwa uzito wote. Akikua anaona aibu kucheza hadharani, basi anahamishia mchezo kichwani: anaota akiwa macho, anajiona tajiri, anapendwa, anawashinda maadui. Wengi wetu tunazificha ndoto hizo kama mtu anavyoficha nguo ya ndani yenye tundu. Mwandishi ndiye mtu pekee anayezianika, tena sisi tukamlipa kwa kuzianika. Na chimbuko la yote hayo, kwa Freud, ni ung'amuzi bwete, yaani ile sehemu ya akili inayofanya kazi bila mwenyewe kujua.

Je, kuna ukweli hapo? Upo, tena mwingi. Mchukue Willy Gamba wa Elvis Musiba, yule mpelelezi wa Kufa na Kupona, kitabu kilichotoka mwaka 1974. Risasi zinampita pembeni. Warembo wanamwangukia. Maadui wanapangwa mstari na kuangushwa mmoja baada ya mwingine. Au mchukue Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Freud angewasoma hao angechekelea, maana alisema wazi kwamba shujaa asiyeweza kufa ni ile "mimi" yetu wenyewe iliyovaa koti la kukodi. Ndiyo maana vitabu hivyo vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakang'oka. Kijana aliyeishiwa nauli pale stendi alikuwa Willy Gamba kwa saa tatu. Hilo Freud aliliona vizuri, na sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu unaanzia pale ambapo wenzetu wanataka hoja hiyo moja ifanye kazi zote, kama jembe linalolazimishwa kushona nguo.

Mchukueni Shaaban Robert. Mke wake Amina alifariki, naye akamwandikia shairi la maombolezo lenye jina hilohilo. Mchanganuzi wetu wa kijiweni atasema: "Unaona? Jeraha hilo!" Naona, ndugu yangu. Nani asiyeona? Lakini wanaume wangapi walifiwa na wake zao katika Tanganyika ya wakati ule? Maelfu. Wote walilia. Aliyeandika "Amina" ni mmoja. Msiba unaeleza kwa nini aliandika usiku ule badala ya kulala. Hauelezi kwa nini kila mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani nane, wala hauelezi kwa nini vina vinarudi mahali pake kwa utulivu katika shairi la mtu ambaye moyo wake hauna utulivu hata kidogo. Uzuri wa shairi umekaa hapohapo: mtu anavunjika, mizani haivunjiki. Jeraha halina mizani, jamani. Mizani alijifunza. Aliirithi kwa washairi wa pwani waliomtangulia, akaifanyia mazoezi miaka na miaka, na siku msiba ulipofika ukamkuta na chombo mkononi.

Hilo ndilo ambalo hatuambiwi. Kijana anaambiwa aende akachimbe maumivu yake. Haambiwi kwamba akishayachimba atahitaji kujua mshororo unakatika wapi.

Na Freud mwenyewe alilijua hilo. Katika makala ya 1908 alisema mwandishi anatulainisha kwa uzuri wa umbo ili tukubali kuisikiliza ndoto yake, na ufundi huo akauita siri ya mwandishi. Miaka ishirini baadaye, 1928, alipomwandikia makala Dostoyevsky, alikiri kwamba suala la kipaji cha msanii elimu yake haina nguvu ya kulitatua. Mwalimu kaweka silaha chini. Wanafunzi wake wa Kibaha wameziokota na wanatupiga nazo.

Tena mwalimu mwenyewe alikwishapotea njia vibaya. Pale Kibaha tuna mahali panapoitwa Picha ya Ndege, na kila nikipita pale namkumbuka Freud. Mwaka 1910 alitoa kitabu kizima juu ya Leonardo da Vinci, yule mchoraji Mwitaliano. Leonardo aliandika mahali kwamba alipokuwa mchanga kitandani alitokewa na ndege, akamfungua mdomo kwa mkia. Freud akasoma kwamba ndege huyo ni tumbusi. Akakumbuka kuwa Wamisri wa kale walikuwa na mungu wa kike, mama, mwenye sura ya tumbusi. Juu ya tumbusi huyo akajenga ghorofa: mapenzi ya Leonardo kwa mama yake, baba asiyekuwepo, tabasamu la wanawake katika michoro yake. Nyumba ikapendeza. Tatizo likawa moja tu. Leonardo hakuandika tumbusi, aliandika mwewe. Tafsiri ya Kijerumani ndiyo iliyokosea, na Freud akaifuata. Mwaka 1956 mtaalamu wa sanaa Meyer Schapiro aliliweka jambo hilo wazi mbele ya wasomaji.

Sikilizeni vizuri hapo. Mtoto yeyote wa Mlandizi aliyewahi kulinda vifaranga anajua tofauti ya mwewe na tumbusi. Mmoja anaiba vifaranga, mwingine anakula mizoga. Freud, akili kubwa kama ile, alikosea kwa sababu alikimbilia maana kabla ya kumaliza kusoma neno. Ikiwa yeye aliteleza hapo, wewe mwenye kurasa kumi za mihtasari unapata wapi ujasiri wa kumwambia mwenzako kisima chake kina maana gani?

Sisemi kisima kwa kubahatisha. Katika mkutano mmoja wa waandishi chipukizi, sitataja wa nani wala wapi, nilimsikia dada mmoja kutoka upande wa Kisarawe akisoma shairi juu ya msitu. Miti inakatwa usiku, mkaa unatoka kwa baiskeli alfajiri, kisima cha bondeni kinakauka, na mjomba amekamatwa. Shairi lilikuwa na makosa yake, lakini lilikuwa na pumzi. Msimamizi wa siku ile alivua miwani, akasema msitu ni mwili wa mama, kisima unajua mwenyewe ni nini, na mjomba aliyekamatwa ni baba ambaye msichana anatamani aondoke. Watu wakacheka kile kicheko cha aibu. Dada akasema kwa sauti ndogo: "Lakini mjomba kweli alikamatwa." Hakuna aliyemjibu. Hakurudi wiki iliyofuata, wala iliyofuata tena.

Mnaijua misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Mnajua mkaa wa jiji unatoka wapi, na nani anashikwa na nani hashikwi. Yule dada alileta habari hiyo ndani ya shairi, na tukamgeuzia habari yake kuwa siri ya chumbani. Huo si uhakiki. Ni kumziba mtu mdomo kwa kutumia maneno ya hospitali.

Kosa hilo lilikwishapata jibu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1950 Mfaransa Octave Mannoni aliandika kitabu juu ya watu wa Madagaska, akazifasiri ndoto zao: askari wenye bunduki, mafahali weusi, watoto wanaokimbizwa. Kwake bunduki ile ilikuwa alama ya uume. Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1952. Fanon aliukumbusha ulimwengu kwamba mwaka 1947 wananchi wa Madagaska waliinuka dhidi ya Wafaransa na wakauawa kwa maelfu. Basi bunduki inayomtisha mtoto usingizini, kwa Fanon, ilikuwa bunduki ya kweli, tena akaitaja mpaka aina yake na mwaka wa kuundwa. Fanon hakumtupa Freud. Alichosema ni kwamba nafsi ya mtu ina historia, na historia hiyo haianzii chumbani kwa wazazi peke yake. Inaanzia pia barabarani, shambani, gerezani.

Kwa hiyo dada yangu wa Kisarawe, popote ulipo: msitu wako ni msitu. Baada ya kuwa msitu unaweza kuwa na mambo mengine mia. Lakini kwanza ni msitu.

Na kuna jambo la kuchoma zaidi. Mwaka 1913 Freud alitoa kitabu cha kulinganisha akili za wale aliowaita washenzi na akili za wagonjwa wa neva. Mtoto naye akawekwa karibu yao, na msanii, anayecheza kama mtoto, hakukaa mbali na benchi hilo. Haya, wewe kijana wa Kiafrika unayeandika mashairi, umekalishwa wapi hapo? Umekalia benchi lote peke yako. Ukishangilia kuitwa chizi kwa sababu machizi ndio wasanii, ujue ni cheo cha nani ulichokivaa.

Sasa wapo watakaonirukia kutoka upande wa pili: "Safi sana! Freud ni wa wazungu, tumtupe, turudi kwetu." Hao nao siwapi mkono. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, na sijasikia mtu akikataa kusoma pale kwa sababu hiyo. Kitu cha kigeni kinapimwa kwa kazi yake. Tena "kurudi kwetu" ni neno la watu wasiojua kwao kuna nini. Ngoja niwaonyeshe kilichopo.

Wazaramo, wenyeji wa nchi hii ya Kisarawe, wana kinyago kidogo cha mti kinachoitwa mwanahiti. Hakina mikono wala miguu. Kina kichwa chenye nywele zilizosukwa kwa kuchongwa, kiwiliwili, matiti na kitovu, basi. Mwali alipowekwa ndani alipewa mwanahiti amtunze. Alimwogesha, alimpaka mafuta, alimbeba kama mtoto. Kinyago hicho kilirithiwa katika ukoo wa upande wa mama. Hebu tuulize: mwanahiti ni nini? Ni mtoto? Mwali anajua si mtoto. Ni gogo? Ukimwambia ni gogo umemtukana yeye na bibi zake wote. Ni mchezo, na si mchezo. Kimetoka nje, kimechongwa na fundi, lakini ndani yake kuna hofu na matumaini ya msichana ambayo hakuna mtu mwingine anayeyaona.

Mwaka 1971 kilitoka kitabu cha daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliyekuwa mwanafamilia wa shule hiyohiyo ya Freud. Alitazama mtoto mchanga na kile kitambaa au kidude asichokubali kuachana nacho, akasema kitu hicho hakiko ndani ya mtoto wala nje yake, kiko katikati. Katikati hapo, alisema, ndipo mchezo unapozaliwa, na baadaye sanaa na utamaduni. Akaongeza jambo la adabu kubwa: mtoto haulizwi kama kitu kile amekibuni au amekikuta. Swali hilo haliulizwi.

Mimi nikisoma hapo namwona mwali na mwanahiti wake. Bibi zetu hawakuandika kitabu, lakini adabu hiyo walikuwa nayo. Hawakumkalisha mwali na kumchunguza kinyago kinawakilisha nani. Walimfundisha namna ya kukishika. Haya ndiyo matumizi ya saikolojia changanuzi ninayoyakubali: yale yanayoheshimu mchezo na kumwachia mchezaji nafasi yake. Shairi la mwenzako ni mwanahiti wake. Mfundishe kulishika.

Nije sasa kwenye madhara makubwa kuliko yote, ambayo washikaji wengi hawapendi kuyasikia. Dhana hii ya msanii mgonjwa imewafanya vijana wautafute ugonjwa. Nimewaona wanaokunywa gongo ili ung'amuzi bwete ufunguke. Nimewaona wanaokataa kulala, wanaoachana na wapenzi wao kwa makusudi ili wapate la kuandika. Nimemsikia mmoja akisema akipona hataandika tena. Huo ni uongo unaoua watu, na sisi tunaoandika magazetini humu tunaubeba tukiusifia.

Mtazameni Euphrase Kezilahabi. Mwaka 1974 alitoa Kichwamaji, na Kazimoto, mhusika mkuu, anajiua. Wachanganuzi wa siku hizi wangempima Kezilahabi kwa Kazimoto na kumwandalia sanda. Lakini Kezilahabi aliendelea kuandika. Alitoa Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka, akaja na Nagona mwaka 1990, ambamo jina la Freud mwenyewe limo, pamoja na la Marx, Nietzsche na Darwin. Akafundisha Dar es Salaam, akafundisha Botswana, akafariki mwaka 2020 akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi. Kazimoto alikufa ndani ya kitabu. Aliyekiandika aliamka asubuhi akaenda kazini. Kukata tamaa kunakosomwa katika Kichwamaji ni kitu kilichotengenezwa na mtu mwenye akili timamu, mezani, kwa kufuta na kuandika upya. Mgonjwa aliyekata tamaa kweli hawezi hata kuinua kalamu. Muulizeni yeyote aliyewahi kuuguza ndugu wa namna hiyo.

Kwa hiyo tuseme wazi: anayeumwa nafsi aende hospitali, tena aende bila aibu, kama anavyokwenda mwenye malaria. Wapo madaktari wa kazi hiyo. Akipona atarudi na kuandika vizuri zaidi, maana atakuwa na nguvu ya kukaa kitako. Kikundi cha uandishi si wodi, na msimamizi wa kikundi si daktari hata akivua miwani mara mia.

Mwaka 1925 Carl Jung, mwanafunzi wa Freud aliyetofautiana naye, alifika Afrika Mashariki, akakaa na watu wa Mlima Elgon. Aliwauliza kuhusu ndoto zao, hakupata kitu. Mwishoni mganga mmoja mzee alimweleza, kwa uchungu, kwamba tangu wazungu waje ndoto zimekwisha. Zamani mganga aliota juu ya vita, maradhi na mvua. Sasa haikuwa na haja, kwa kuwa Bwana Shauri anajua kila kitu.

Ndugu zangu wa Kibaha na Kisarawe, Bwana Shauri yule aliondoka na bendera yake. Tusimteue mwingine. Tukisharidhika kwamba kuna mtu mwenye kitabu anayejua ndoto zetu zina maana gani kabla hatujamaliza kuzisimulia, tutaacha kuota kama yule mzee. Someni Freud, tena msomeni mwenyewe, si mihtasari. Msomeni Jung, msomeni Fanon, msomeni Winnicott. Kisha wiki ijayo mwenzenu atakaposimama na karatasi yake inayotetemeka, msikilizeni mpaka mwisho, halafu mwulizeni swali moja tu la kuanzia: "Ubeti wa tatu, ulitaka usikike vipi?"

Na kama kuna anayemfahamu yule dada wa shairi la msitu, amwambie tunamsubiri. Shairi halijaisha.